Kopo la Matcha Lililopitia Jikoni Binza

Tangu nirudi, duka langu la vitenge hapa Bariadi limegeuka kijiwe. Mtu anaingia, anashika kitenge, anakigeuza huku na huku, bei haulizi, kisha ananisogelea: "Mama Sayi, ni kweli uliwanywesha Wajapani dawa za kienyeji?" Mwingine kasikia nimefukuzwa kambini kwa uchawi. Mwingine, tena shoga yangu wa kwaya, kasikia wifi yangu alitaka kunilisha sumu. Jamani! Nimeona niandike yote mara moja, asomaye asome, ili mtu akiingia dukani tuzungumzie vitenge.

Kabula mnamfahamu, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi tangu hajaanza shule. Sasa ni mpishi msaidizi kwenye kambi ya watalii huko Meatu, mbele ya Mwanhuzi, ukingoni mwa pori. Mpishi mkuu wao aliacha kazi, na meneja akamwambia Kabula waziwazi: kuna bibi wa Kijapani anakuja Jumamosi na binti yake, wakiridhika, jiko ni lako, wasiporidhika, naleta mpishi kutoka Arusha. Na yule bibi alikuwa ameomba kitu kimoja tu, bakuli la matcha kila akifika mahali pa kulala.

Kwa msiojua, matcha ni chai ya kijani ya Kijapani. Majani yake hayachujwi, yanasagwa yakawa unga, unapekechwa kwenye maji ya moto na unanywewa wote. Kambini lilikuwepo kopo, lakini mpishi aliyeondoka aliliacha wazi kando ya jiko hadi likabadilika rangi na kunuka kitunguu. Ndipo Kabula akanipigia simu, sauti imejaa machozi.

Bariadi: unga wa kupaka usoni

"Sengi," akaniambia, maana kwetu shangazi ndiye sengi, "usiniletee unga wowote wa kijani ukadhani ndio. Matcha nzuri ina kijani kinachowaka, kama miche ya mpunga. Ukiona unjano au ukahawia, achana nayo. Isugue kwa vidole, iwe laini kama poda ya mtoto. Inuse, nzuri inanukia majani mabichi, mbaya inanukia nyasi kavu. Ukionja, uchungu uje kidogo, utamu ufuate. Ikikukaba koo, siyo."

"Na nisipoipata?"

"Basi nitaendelea kumenya vitunguu vya mtu wa Arusha."

Mimi kwenye chai najua maziwa na tangawizi, basi. Lakini rangi, hapo ndipo nyumbani kwangu. Kitenge kilichokaa dirishani mwezi mzima kikapigwa na jua hakuna anayeweza kuniuzia, hata akikikunja vipi. Nikajisemea, kama ni suala la rangi, huyu bibi wa Kijapani kanikuta.

Nikazunguka mji. Duka la kwanza wakanipa majani ya chai ya vifuko. La pili wakanipa tembe za kupunguza unene na kunitazama kiuno, nikaondoka kabla sijatukana. Mwisho nikaelekezwa duka la vipodozi, kwa dada mmoja aliyechora nyusi hadi karibu na masikio.

"Matcha ipo, mama. Wateja wangu wanapaka usoni, inang'arisha."

"Mimi nataka ya kunywa."

"Hiyo hiyo. Wengine wanapaka, wengine wanakunywa, wengine vyote. Soma hapo nyuma."

Ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, umening'inizwa mlangoni, jua lote la Bariadi linaupiga. Nikaomba kuonja rangi yake kwa macho, nikaimwaga kidogo kwenye karatasi na kuiburuta kwa kidole. Ikakatika katika, punje zinakwaruza, na rangi yake ni ya kunde zilizosahaulika shambani. Harufu ni ya godoro la nyasi. Nikamwambia dada wa nyusi kwamba hii ilikufa zamani, akanijibu hakuna mteja aliyewahi kumlalamikia uso. Nikaichukua hivyo hivyo, ya akiba, maana asiye na kitu hachagui sana.

Nilipokuwa nafunga duka nikamkumbuka Mama Jilala wa Nkololo. Mwanawe anasoma Japani.

Kwenda Nkololo: mtoto mwenye hasira na mama yake

Asubuhi nikapanda pikipiki. Msimu wa pamba mnaujua, barabara yote vumbi na nyuzi nyeupe kwenye miiba. Tulikaa muda mrefu tukisubiri kundi la ng'ombe livuke, kisha tukakaa tena kwa sababu dereva wangu alimfahamu mchungaji, na mchungaji alikuwa na habari ya ndama. Habari ya ndama haikatizwi. Nilijua hivyo, nikashuka nikanyoosha mgongo.

Mama Jilala alinipokea kwa salamu zetu zote, mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, mhola, mhola duhu, tukauliza ng'ombe, tukauliza pamba, tukauliza magoti yangu na ya kwake. Akaniwekea michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa na maziwa mgando. Nilipomtajia matcha alisimama kama aliyeumwa na siafu.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mayu. Ni chai ya wageni."

"Chai? Ile ni chai?" Akaketi tena. "Jilala alinitumia makopo mawili. Nikalionja moja siku moja, nikalia, nikasema huyu mtoto ana hasira na mimi, nimemkosea nini? Nikampigia simu kumwomba msamaha."

Lile la kwanza alikuwa amemwagia kuku. La pili hakulifungua, lakini kutupa kitu cha mwanawe hawezi, kwa hiyo alilitia ndani ya chungu kikubwa cha mbegu, chumba cha ndani kisicho na dirisha. Akalitoa, dogo, jeusi, lina picha ya jani na maandishi ambayo mimi na yeye tuliyageuza pande zote bila faida.

Mimi kitambaa sinunui bila kukikunjua. Tukafungua kifuniko, tukakata karatasi ya ndani. Jamani, rangi! Ilitoka mle koponi kama imewashwa. Nikachovya kidole, nikasugua, ikapotea ndani ya ngozi, hakuna hata punje. Nikaiburuta kwenye karatasi, ikachora mstari mrefu mlaini bila kukatika. Harufu yake ilikuwa ya shamba asubuhi baada ya mvua. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, uchungu ukaja, nikakunja uso, kisha utamu ukaja polepole nyuma yake, nikaukunjua uso.

Nikapiga picha, nikamtumia Kabula. Akapiga simu palepale, anapiga vigelegele hadi Mama Jilala akavisikia.

"Sengi, ndiyo yenyewe! Funga haraka! Isipate jua, isipate hewa, isipate joto!"

"Mwanangu, hii ni Simiyu mwezi wa saba. Joto nitalipeleka wapi?"

Mama Jilala alikataa kunipa kopo hadi nimalize maziwa, na nilipomaliza akasema nimwambie huyo bibi wa Kijapani kwamba Jilala ni mtoto mzuri, wamwache asome salama. Nilimwahidi. Wabeja, asante sana, mayu.

Nkololo hadi Maswa: mbele ya lori la pamba

Gari nililotegemea lilikuwa limekodiwa kupeleka watu harusini. Nikapata lori lililojaa pamba likienda Maswa kiwandani, dereva akanikaribisha mbele. Ubaya wa kukaa mbele ni kwamba injini iko chini ya miguu yako. Kopo nililipakata, likaanza kupata moto. Nikalivika kanga niliyoilowesha maji, nikalishikilia karibu na dirisha upande wa kivuli. Tukipiga kona, jua linahama, nami nalihamisha kopo.

Dereva alinitazama kwa muda, kisha akazima redio kwa heshima.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini?"

"Kwa msiba. Ni majivu ya nani?"

Kumbe alikuwa ameona kwenye televisheni wafu wanaochomwa na majivu yao kubebwa koponi. Nilicheka hadi nikakosa pumzi, nikamweleza, naye akacheka, halafu akaniuliza kama chai hiyo inaongeza nguvu za kiume. Nikamwambia inaongeza nguvu za kuendesha gari kimyakimya.

Tairi likapasuka kabla ya mto Simiyu. Tukakaa kwenye kivuli cha lori lenyewe, mama mmoja akapita na karanga za kukaanga, tukala, tukamsaidia utingo kuitukana jeki. Kwa hiyo badala ya kufika Maswa mchana na kuunganisha gari la Mwanhuzi, nilifika jua linazama, magari yote yameshaondoka. Sikuwa na wasiwasi. Binza, hapo hapo Maswa, yupo wifi yangu Nyamizi, dada wa mume wangu, na kwake kulala si taabu, taabu ni kuruhusiwa kuondoka.

Binza: mboga isiyovutika

Hapa ndipo mnapotaka kusikia, basi tulieni.

Kwetu mgeni akifika, kikapu chake kinapokelewa mlangoni. Chenye asili ya jikoni kinakwenda jikoni bila kuulizwa, maana kumwuliza mgeni "hiki ni cha nani?" ni kama kumwambia una shaka na mkono wake. Nami hilo nalijua tangu nimezaliwa. Lakini nilikuwa nimefunikwa na vumbi kuanzia ukope hadi kisigino, na wifi aliponiambia maji ya kuoga yapo tayari, nilimwachia kikapu nikakimbilia bafuni. Ndani ya kikapu mlikuwa na mchele na michembe ya kwake, mfuko wa dada wa nyusi, na kopo.

Nilitoka nimetakata, nikamkuta shemeji Maduhu, mume wa wifi, ameshanawa. Ugali umepakuliwa, na pembeni bakuli la mboga ya kijani iliyokolea, imeungwa karanga. Nikakata tonge, nikachovya, nikala. Lilikuwa na uchungu fulani, lakini karanga zilikuwa nzuri, na njaa ya safari haina maswali.

"Wifi, mboga hii umeitoa wapi kiangazi hiki?"

"Si hii uliyoniletea."

"Mimi nimekuletea mchele na michembe."

"Na mlenda wa kopo," akasema, anatabasamu. "Ila aliyekuuzia kakupunja. Nilipofungua nilifurahi mwenyewe. Rangi hiyo! Nikasema huu umekaushiwa kivulini na mtu anayeijua kazi, tena umesagwa ukasagika. Nikaweka vijiko viwili, hauvutiki. Nikaongeza, hauvutiki. Nikapekecha kwa nguvu zangu zote, unatoa povu tu! Nikaongeza tena na tena, basi mwisho nikaona niokoe kwa karanga."

Tonge lilinibaki mkononi. Mlenda, kwa yeyote asiyekula kwetu, lazima uvutike kama uzi ukiinua tonge. Na matcha hata ukiimwaga gunia zima haitavutika. Wifi yangu alikuwa ameufukuzia ule mvuto hadi chini ya kopo.

"Na ule mfuko mwingine?" nikauliza.

"Ule? Ule umeanikwa juani hadi ukafa, na vijiti vimo. Siwezi kumpikia mgeni wangu kitu kama kile."

Hapo nikalia. Sisemi machozi yalinilengalenga, nasema nililia mbele ya shemeji, mkono una ugali. Nikawaeleza kuhusu Kabula, meneja, bibi wa Kijapani na mtu wa Arusha. Wifi alishika kichwa.

"Yaani nimempikia mtoto kazi yake!"

"Wifi, usiseme hivyo."

"Niseme nini? Nimeiunga na karanga!"

Shemeji Maduhu, ambaye alikuwa ameshamaliza sahani, alisema taratibu kwamba kwa kuwa imeshapikwa, kuitupa itakuwa hasara mara mbili, akaomba aongezewe. Usiku huo hakuna aliyefumba jicho nyumba ile. Matcha inaamsha, hilo nalo mlijue. Asubuhi tulikuta shemeji amechambua mbegu zote za choroko na kupiga msasa mpini wa jembe.

Kulipokucha wifi aliligonga gonga lile kopo juu ya karatasi safi, akakusanya unga uliong'ang'ania pembeni kwa unyoya wa kuku aliouosha. Ukapatikana wa bakuli moja, labda. Akaurudisha ndani, akafunga, akanizungushia kanga mwenyewe. Kikapu akakijaza choroko. Alinisindikiza hadi barabarani, na safari hii hakunizuia kuondoka.

Kabula alipopiga simu kuuliza, nikamwambia, "Ninayo, mwanangu, nipo njiani." Mboga ya karanga sikuitaja.

Maswa hadi Mwanhuzi: kwa njia ya mnada

Dereva wa Noah ya abiria aliapa kwamba ni moja kwa moja Mwanhuzi. Sikujua kwamba ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, na kwa watu wa Meatu njia ya moja kwa moja siku ya mnada inapitia mnadani. Abiria mmoja alitaka kutazama dume. Dereva alitaka kumtazama yule abiria akitazama dume. Tukashuka wote.

Nilikula nyama choma kwa ugali na pilipili, nimechukia lakini nimekula. Halafu nikaona mkeka wa muuza dawa, na juu ya mkeka, bakuli la unga wa kijani. Moyo ukaruka.

"Mlonge huo, mayu," akasema muuzaji, mwanaume mwenye kofia ya sufu katika jua lile. "Majani matupu. Unatibu vitu ambavyo hata majina havina."

Nikausugua, laini. Rangi si haba. Nikamweleza shida yangu, na wale waliokuwa wakinunua wakawa wazee wa baraza. Mmoja akasema nijaze kopo kwa mlonge, mgeni hatajua. Mwingine akasema niseme ng'ombe kalila kopo. Muuzaji akasema achanganye nusu kwa nusu, yeye yupo tayari kuapa kwamba ni wa Japani.

Nilikuwa nimeshafungua kifuniko, nawaambia kweli. Kisha nikainusa ile iliyobaki koponi, nikanusa mlonge. Moja shamba baada ya mvua, nyingine ukali wa majani ya figili. Mtu aliyeizoea ile atajua kabla hajainua bakuli. Nikafunga kopo. Muuzaji akasema mimi ni mgumu, nikamwambia mimi ni muuza vitenge, na tukaagana vizuri.

Tulifika Mwanhuzi jioni, nchi kavu, vichaka vimekuwa vya kijivu. Nikalala kwa mama lishe mmoja aliyenipikia chai ya maziwa nzito. Sijawahi kuipenda chai ya maziwa kama siku ile.

Kambini: bakuli moja

Gari la kambi lililokuja mjini kununua nyanya likanichukua Jumamosi. Kabula alinikumbatia mlango wa jikoni, amevaa aproni nyeupe, amekonda. Nikamweleza yote tukiwa tumesimama. Hakulia, nililia mimi tena. Akafungua kopo, akatazama chini, akafungua mfuko wa vipodozi, akanusa, akakunja pua.

"Ya bakuli moja ipo," akasema. "Ikikorogwa vizuri inamtosha bibi."

Tatizo lilikuwa meneja. Bwana Luhende ni baba mnene, mwenye sauti ya spika ya kanisani, na ana sheria yake, hakuna kitu kinachokwenda kwa mgeni bila yeye kukionja. Tena haonji kwa kijiko. Aliingia jikoni anasugua mikono.

"Ile ya Wajapani iko wapi? Nianze mimi."

Kabula akanitazama, nami nikamtazama. Kisha akageuka, akachota kutoka kwenye mfuko wa dada wa nyusi, akakoroga, akampa. Bwana Luhende akafumba macho, akanywa hadi mwisho. Mshipa wa shingo ulimruka, lakini akajikaza.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Mimi hizi nimezinywa sana Dar. Peleka."

Alipotoka, Kabula aliuchekecha ule unga wa mwisho kwa kichujio kidogo, akamimina maji ambayo yalikuwa yameacha kuchemka, maana yakichemka yanaiunguza, akapekecha kwa kipekecho cha mianzi kwa haraka haraka hadi povu dogo dogo likafunika juu. Nikajua hapo kwamba huyu mtoto ni mpishi, hata wakimleta nani.

Nilisimama nyuma ya mlango na dereva wa wale wageni, kijana wa Arusha anayejua lugha zote, akawa ananitafsiria. Bibi wa Kijapani alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tano, mvi safi. Alilishika bakuli kwa mikono miwili, akalitazama ndani kabla ya kunywa. Akanywa polepole. Akaliweka chini, akalitazama tena ndani, nami nikaanza kuomba.

"Anasema," dereva akaninong'oneza, "amekunywa hoteli tatu kubwa tangu afike nchini, na zote alizimwaga kwenye maua. Hii ndiyo ya kwanza. Anaomba na binti yake aonje."

Bwana Luhende akapiga makofi. "Kabula! Nyingine kwa binti!"

Kabula akarudi jikoni. Pale mezani maji ya moto yapo, kipekecho kipo, mfuko upo.

"Mpe huo," nikamwambia. "Nayo si matcha? Uikoroge iwe na povu. Binti huyo ni mdogo, ataenda kujulia wapi?"

"Sengi, atajua. Na mama yake atajua kwamba nilijua."

"Na jiko?"

Alivua kofia yake ya upishi, akatoka mikono mitupu, akasimama mbele ya meza na kusema kwa Kiingereza cha chuo chake, na dereva akanitafsiria huku sauti inaanza kumtetemeka kwa kicheko. Alisema samahani, ilikuwepo ya bakuli moja tu. Iliyobaki imepikwa mboga huko Binza, kwa karanga, ikaliwa na ugali.

Bibi wa Kijapani alimwomba binti yake arudie maneno hayo kwa Kijapani. Akarudia. Kisha bibi akaanza kucheka, hana sauti, mabega tu, akajifuta macho kwa kitambaa, akauliza kitu.

"Anauliza nani aliila," dereva akasema, na kabla sijakimbia akanisukuma mbele.

Nikatoka na kitenge changu kilichojaa vumbi la mnada. Nikawaambia kweli, kwamba ilikuwa na uchungu, lakini karanga ziliisaidia, shemeji yangu aliongezwa mara mbili na hajalala tangu hapo. Nikamfikishia na ujumbe wa Mama Jilala kwamba mwanawe ni mtoto mzuri. Sidhani kama huo ulitafsirika vizuri, lakini bibi aliinama, nami nikainama, akainama tena, nikaona tusipoacha tutafika chini.

Wote walikuwa wanacheka isipokuwa Bwana Luhende. Yeye alikuwa anahesabu kichwani. Niliona hesabu inavyomfikia.

"Kabula. Kama ilikuwa ya bakuli moja, mimi nimekunywa nini?"

Dereva akageuka kutazama pori.

"Ya kupaka usoni, bosi," akasema Kabula.

Bwana Luhende alisimama, akavuta suruali juu, akaondoka kuelekea ofisini kwake. Kabula alirudi jikoni akaketi juu ya kreti ya soda. Nilikaa karibu naye. Nikamshika mkono, nikawa nawaza kwamba safari yote hii nimeibeba kazi ya mtoto huyu na mwisho nimekuja kumshauri vibaya.

Bwana Luhende akaja akasimama mlangoni.

"Yule mpishi aliyeondoka," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya kawaida ya mtu, "miaka yote alikuwa ananipa mimi kizuri, mgeni anapata kilichobaki. Nami nikawa najiuliza mbona chakula kitamu hivi na wageni hawarudi."

Akaweka funguo za stoo mezani, kando ya ule mfuko, akaondoka.

Kabula alizitazama zile funguo bila kuzigusa. Kisha akazichukua, akazifunga kwenye kamba ya aproni, akanawa mikono, akavaa kofia yake. "Sengi," akasema, "keti vizuri. Leo unakula jikoni kwangu."